Mishumaa Miwili ya Ijumaa

Jumapili, 4 Mei 2025

Jana sikuandika, kama kawaida. Siku ya Shabati hatushiki kalamu. Mtu akifungua daftari hili ataona Jumamosi zote hazipo, atasema huyu ni Msabato tena mvivu. Aseme tu. Hosteli nzima inadhani hivyo — mimi ni Waruguru wa chumba cha saba, Msabato wa Kimana, babake analima vitunguu. Vitunguu ni kweli.

Aliyeanzisha ni Phylis wa chumba jirani. Wiki ya kwanza nilimwambia Jumamosi siji darasani, akasema ah, nyinyi watu wa Sabato. Nikanyamaza. Mpaka leo nimenyamaza. Ukimwambia mtu wewe ni Mkikuyu na ni Myahudi, kwanza anacheka. Halafu anaacha kucheka, na hapo ndipo sipendi.

Kafiya peke yake ndiye anajua. Angekosaje, tunaishi chumba kimoja. Ijumaa kabla jua kuzama nawasha mishumaa miwili, nafunika chapati mbili kwa leso, nasali. Kuanzia hapo siwezi kugusa swichi mpaka Jumamosi usiku, kwa hiyo yeye ndiye huzima taa tukilala. Sijawahi kumwomba. Anazima tu. Na Ramadhani mimi ndiye nilimwamsha ale daku, maana yeye akilala ni gogo.

Leo kakake Ahmednasir alikuja kutoka Kajiado na nyama ya mbuzi, babao Kullow alikuwa amechinja. Tukala wote. Akaanza habari za Gaza, watoto, na mimi pia zinaniumiza, sijui nani hazimuumizi. Halafu akasema Wayahudi hakuna mzuri hata mmoja, hata yule bado hajazaliwa. Akachukua chapati yangu ya pili, akaniambia asante dadangu. Kafiya alikuwa anaangalia sakafu.

Jumatatu, 5 Mei

Lekcha wa uchumi — leo alikuwa na raha. Alisema pesa yote ya dunia iko kwa Wayahudi, na sisi tunasoma uchumi bure, tungeenda tu kuwaomba kazi. Darasa likacheka. Nikacheka pia. Nimekuwa nikisikia hicho kicheko changu siku nzima.

Babangu anakodi shamba na mashine ya maji. Angependa sana kujua pesa yake iliwekwa wapi.

Jumatano, 7 Mei

Phylis ameniuliza kwa nini tunawasha mishumaa na stima iko. Nikasema ni ya harufu. Harufu gani? Lavenda, nikasema. Ile mishumaa myeupe ya dukani, lavenda! Alitabasamu na meno ya mbele tu.

Njogu alikuwa hapo. Yeye ni mwenyekiti wa wakaaji wa hosteli na ndiye anaongoza maombi ya Jumatano. Ana bendera ya Israeli mlangoni kwake, kubwa, imepigwa pasi. Ananipenda kwa sababu anasema sisi Wasabato angalau tunasoma Agano la Kale. Aliwahi kutufundisha kwamba Israeli ni taifa teule, lakini Wayahudi wenyewe wamepotea, na walio wabaya zaidi ni wale wamejificha, hao ndio wanaendesha Iluminati. Nilikuwa nimekaa mbele yake, nimeshika chai yake.

Ijumaa, 9 Mei

Muda ni mfupi. Nilitaka kusogeza mishumaa kutoka dirishani lakini meza ni hiyo moja, kwingine ni vitanda. Na pazia letu ni jepesi, linaonyesha kila kitu.

Kafiya anasema niache wasiwasi. Anakaanga vitunguu vya baba. Jua linaenda.

Jumapili, 11 Mei

Nitaandika polepole.

Ijumaa Phylis alisimama uwanjani akapiga video ya dirisha letu. Inaonyesha miali miwili ya moto. Halafu kivuli cha Kafiya na hijabu yake kinapita, taa inazimwa, na miali inabaki gizani. Basi. Hakuna kingine. Ameituma kwa grupu la hosteli na maneno: kila Ijumaa, angalieni wenyewe.

Sikuona mpaka jana usiku nilipowasha simu. Kufikia hapo walikuwa wamemaliza kazi. Mmoja amesema ni ishara ya magaidi, kuna mtu huko nje anaangalia taa ikizimwa. Mwingine amesema ni Iluminati, pesa za Wayahudi, waria, ndivyo wanavyomwita Msomali, amelipwa. Mwingine ameuliza mbona huyo waria alipewa chumba cha kuangalia barabara. Njogu ameandika tuombe, halafu chini yake, lakini tusiwe wajinga.

Mimi hakuna aliyenitaja. Ni kama nalala kwingine.

Nilimwonyesha Kafiya. Akasoma yote, akarudisha simu, akaenda kuosha masufuria ambayo yalikuwa safi.

Jumanne, 13 Mei

Mwololo, keyateka wetu anayetunza jengo, alikuja kuuliza. Ni mtu mpole, alivua kofia mlangoni. Alisema mwenye hii ploti ya hosteli amesikia maneno, na anataka kujua tu, hizo mishumaa ni za nani.

Mdomo wangu ulikuwa wazi. Naapa ulikuwa wazi.

Kafiya akasema, "Ni zangu."

Mwololo akauliza ni za nini. Kafiya akamwambia, "Napenda tu mwangaza kidogo. Kuna shida?" Mwololo akasema hapana, hakuna shida, akavaa kofia. Alipoenda nilimuuliza Kafiya kwa nini. Akasema, "Mimi wananichukia tayari, sijaongeza kitu. Wewe uko na mtihani." Kama mtu anayegawa kazi za nyumba.

Nilimpigia baba Kimana. Akasema ninyamaze nimalize mwaka. Babu alipotoka kanisani akawa Myahudi kule Ol Kalou, msimu mzima hakuna jirani aliyenunua viazi vyake, vikaozea shambani. Nikamwambia Kafiya ndiye anateseka kwa ajili yetu. Baba akauliza kama vitunguu vilifika salama.

Alhamisi, 15 Mei

Mlango wetu umeandikwa kwa makaa: RUDINI KWENU. Kwao Kafiya ni Kajiado. Unapanda gari hapo stendi na unafika kabla chai ipoe.

Tulipotoka asubuhi Kafiya alimsalimia Simel, Mmaasai anayelinda geti, kwa Kimaa, kama kila siku. "Sopa." Kila siku Simel hujibu "epa" na anaendelea, ng'ombe, mvua, mama hajambo. Leo alikuwa anafunga kamba ya kiatu. Alifunga, akafungua, akafunga tena mpaka tukapita. Kafiya hakulia kwa video, hakulia kwa mlango. Alilia hapo barabarani, kwa ajili ya "epa" moja.

Jioni Njogu aliniita pembeni. Sauti ya upole, na hiyo ndiyo iliniogopesha. Mwenye ploti ameamua, Kafiya atoke kesho kabla ya giza. Polisi wameambiwa, watakuja Jumamosi asubuhi kuuliza maswali. Mimi wameshanitafutia kitanda kwa chumba cha Phylis. Kitu kimoja tu: polisi wakija, niwaambie nimemwona akizima taa na kuangalia nje. "Si ni kweli? Umemwona akizima?"

Ndiyo, nimemwona. Kila Ijumaa. Kila neno la hiyo hadithi yao ni kweli isipokuwa maana yake, na maana yake niko nayo mimi. Nilimwambia nitafikiria. Akanishika bega, akasema Mungu wa Israeli anilinde.

Nafikiria mjomba wake Kafiya. Alichukuliwa sokoni na watu wasiovaa sare, akarudi baada ya miezi, na hadi leo hakai chumba ambacho mlango umefungwa. Kesho kutwa watakuja kwa Kafiya. Nikinyamaza, ni mimi nimemtoa.

Ijumaa, 16 Mei

Naandika haraka. Jua liko juu ya paa la ghala la simiti, bado halijaligusa.

Begi la Kafiya liko mlangoni. Ahmednasir anakuja na pikapu lakini amekwama Isinya, lori limelala barabarani. Uwanjani pamejaa. Wa chumba cha kwanza, wa ghorofa ya juu, hata watu wa ploti ya nyuma ambao siwajui. Njogu ameinua mkono anaomba. Phylis ameinua simu. Simel amesimama nje ya geti, ametupa mgongo.

Nilimwambia Kafiya nashuka kusema. Akasema, "Usikuwe mjinga. Wakijua ni wewe, si ati wataniacha. Watakuwa na wawili." Halafu kwa sauti ya chini: "Na Ahmed ataniuliza nimekuwa nikikaa na nani."

Hilo sikuwa nimelifikiria. Nikisema, namtoa kwa hawa na kumpeleka kwa yule.

Tangu saa nane naomba stima ipotee. Stima ikipotea kila dirisha linakuwa na mshumaa, na mimi nakuwa mtu kama watu. Inapotea kila siku hapa Kitengela. Leo imekaa.

Naogopa. Nimeliandika ili niliangalie. Naogopa sana.

Mwololo amegonga. Anasema kwa sauti ya kuombaomba, Kafiya mama, fungua tu tuongee, hawa watu sasa sitawaweza. Kuna miguu mingi nyuma yake. Kafiya ametoa chapati mbili, amezifunika kwa leso. Ameweka mishumaa yangu mezani, imesimama wima, na kiberiti kando yake. Sikumwomba. Sasa ameenda kuegemea mlango kwa mgongo, ameangalia juu, midomo inasali sala yake.

Nimefungua pazia lote, waone ni nani anayewasha.

Phylis ameniona. Ameshusha simu kidogo, ameinua tena. Njogu ananipungia mkono nitoke hapo dirishani, nisiumie. Jua limegusa paa. Nikiwasha siandiki tena mpaka kesho usiku, na kesho usiku sijui nitaandikia wapi.

Kalamu mkono huu, kiberiti mkono huu. Wote wananiangalia mimi, na bado wanaita Kafiya.