Makala Niliyoisahihisha Mwenyewe

Papa wangu mpendwa,

Assalaam aleikum. Natumaini mgongo umepunguza kukuuma, na cherehani mpya imeuzoea mkono wako. Mama naye, kikohozi kimemwachia? Huku Ubelgiji mimi ni mzima, alhamdulillahi, na leo nalisema hilo kwa kweli.

Miezi mitatu iliyopita ulinipigia ukaniuliza, "We iko mugonjwa? Sauti yako iko chini sana." Nikakujibu ni baridi tu. Haikuwa baridi, Papa. Unisamehe.

Ni ile makala yangu ya watoto wenye kifafa, uliyoitia kwenye fremu ukaitundika dukani juu ya vitambaa. Tulipima umeme wa ubongo wa watoto wakiwa usingizini, tukaandika kwamba iko alama inayomjulisha daktari mapema ni mtoto gani ataendelea kuanguka hata akinywa dawa. Makala hiyo ndiyo iliyonipa jina. Watafiti wengine waliinukuu, wakajenga kazi zao juu yake, nami nikapewa mkataba wa kubaki hapa.

Basi mtafiti mmoja wa Kampala akaniomba vipimo vyenyewe, avilinganishe na vya watoto wa kwao. Nilipokuwa navipanga nimtumie, nikaona vipimo vya baadhi ya watoto walioendelea kuanguka vimeandikwa kama vya waliotulizwa na dawa. Aliyeviandika ni mimi. Nikavipitia tena, nikitumaini macho yamenidanganya. Hayakunidanganya.

Siku nne sikula vizuri. Mwenzangu wa ofisini aliniuliza, nikamweleza. Akasema, "Nyamaza. Rekebisha faili, mtumie. Hakuna atakayejua."

Nakiri, Papa, ushauri ule niliupenda. Niliufikiria mkataba, nikakufikiria wewe unavyowaonyesha wateja jina langu. Lakini nikamwona pia daktari nisiyemjua, anamwongezea mtoto wa watu dawa kwa sababu mimi nimeandika. Dada Zuhura alipokuwa anaanguka shuleni, tulimpeleka kwa wangapi waliotuambia kwa uhakika mambo wasiyoyajua?

Siku ya tano niliingia kwa Madame, mkuu wa maabara yetu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nani amegundua?" akauliza.

"Mimi."

"Bon, vizuri. Kaa hapa. Tuwaandikie wahariri wa jarida lililoichapa sasa hivi, halafu tuanze hesabu upya."

Tulirudia yote, wiki baada ya wiki, kila kipimo kikikaguliwa na watu wawili. Sikujua kama kutabaki kitu. Nilishaanza kutafuta maneno ya kukuambia uishushe ile fremu.

Jumatatu iliyopita tulimaliza. Alama ile ipo. Si kubwa kama nilivyoandika mwanzo, na kwa watoto wadogo kabisa haionekani, lakini ipo. Jarida limetoa masahihisho yenye jina langu, kila mtu ayaone. Nilipoyasoma niliswali, nikalia, kisha nikala sahani mbili za wali. Fremu iache ukutani.

Yule wa Kampala nilimtumia vipimo sahihi, nikamweleza kosa langu. Akajibu, "Kwa watoto wetu pia tunaiona alama hiyo. Asante kwa kusema mwenyewe. Sasa naweza kuiamini kazi yako." Ameomba makala ijayo tuiandike pamoja, na tupime pia watoto wa huko kwetu Rubavu. Madame amekubali. Kwa hiyo nakuja, Papa, kwa kazi, na nitalala kwetu.

Jana nilimweleza Zuhura kabla yako, usikasirike. Akasema, "Mi nilijua iko kitu. Sasa sikia. Mama za hao watoto wataona zile waya kichwani mwa mutoto, wataogopa, watakimbia. Mi nitakaa nao. Nitawaambia mi pia naanguka, na niko hapa."

Kwa miaka yote niliyosoma ubongo, hilo sikuliwaza. Asubuhi nilimwambia Madame, naye akaliandika jina la Zuhura kwenye mpango wetu, kati ya watafiti.

Nisalimie Mama, mjomba anayevusha vitunguu kwenda Goma, shangazi wa Rubona, na mwalimu wangu wa madrasa. Zuhura mwambie wewe mwenyewe kwamba amekubaliwa. Nimekuachia habari hiyo uipeleke.

Mwanao akupendaye,
Mariamu