Mawaridi ya Kibarazani

Nyumba ya kona,
Nyuma ya duka la dawa.
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa Dada,

Salamu nyingi zikufikie wewe na wote wa hapo nyumbani kwako. Shemeji hajambo, na mgongo wake umepata nafuu? Wapwa zangu je? Sisi huku ni wazima. Mama anakula vizuri, ila goti ndilo linalomsumbua anapopanda ngazi. Mimi pia mzima wa mwili, lakini nina aibu, na barua hii nimeshaianza na kuichana mara kadhaa.

Uliniomba vipandikizi vya yale mawaridi mekundu uliyoyaona kwenye picha. Unasema picha umeibandika ukutani kazini na wenzako wanaisifu. Dada, sina vipandikizi. Yale maua ni ya plastiki.

Usicheke kwanza. Au cheka tu, nastahili. Ulinielekeza mapema kwamba kabla ya kununua mche wowote nikae kibarazani siku nzima, niangalie jua linapita wapi. Nani akae kuangalia jua na suruali za wateja zinamsubiri kwenye cherehani? Nilikwenda kwa muuza miche nikachagua rangi, kama mtu anayechagua kitambaa. Yeye mwenyewe aliniuliza kama kwangu kuna jua. Nikamjibu jua liko kila mahali.

Liko, ila si kwetu. Ghorofa la jirani linatuziba tangu asubuhi, tunapata jua kidogo tu adhuhuri. Miche ikarefuka ikitafuta mwanga, majani yakawa manjano, yakapukutika. Nami kwa hofu nikazidisha maji hadi mizizi ikaoza.

Wakati huo nilikuwa nimeshajigamba mtaa mzima kwamba nimempandia Mama bustani, apate pa kukaa na kupunga hewa. Sikuwa na uso wa kurudi nyuma. Jioni moja nikanunua maua kwenye duka la mapazia, nikayachomeka kwenye vyungu vilevile, nikapiga picha nikakutumia.

Kesho yake Mama akaanza kuyamwagilia. Kila asubuhi anajaza ndoo bombani uani, anapanda nayo ngazi hadi kibarazani, anapitia chungu kimoja kimoja mbele ya wapita njia. Nikajua macho yake yameanza kufifia. Na badala ya kuhuzunika, Dada, nilishusha pumzi. Nilijiambia siri yangu iko salama. Nilikuwa nikiisikia ile ndoo ikigonga ngazi, nami najifunika shuka. Naandika haya uso ukiniwaka.

Barua yako ilipofika nikaona siwezi kuendelea. Juzi nilimwambia Mama nataka kumpeleka kwa daktari wa macho. Akauliza kwa nini. Nikababaika, mwishowe nikamweleza yote. Hakuacha kukunja nguo zake.

"Macho yangu mazima, mwanangu," akasema. "Niliyaona siku ileile uliyoyaweka. Asubuhi yake yule mama wa ghorofa la jirani alisimama pale akiyachungulia, anataka kuyashika. Ningefanyaje, nikuache uumbuke? Nikachukua ndoo. Akaenda zake anayasifu. Basi ikabidi niendelee."

Mama na goti lake amebeba maji wiki hizi zote ili mimi nisichekwe, na mimi nimelala.

Leo nimeyang'oa mchana kweupe. Mama wa ghorofani alikuwa dirishani, akaniuliza kwa sauti kama mawaridi siku hizi yanang'olewa bila mizizi. Nikamwambia ni ya plastiki. Amecheka mpaka akashika kingo za dirisha, nami nikamwacha acheke.

Ile picha naomba uibandue. Wenzako wakiuliza, waambie mdogo wako ni mwongo. Hilo halitanidhuru zaidi ya lililokwisha kunipata.

Msalimie sana shemeji, na wapwa zangu wote, hasa yule Mtundu wetu. Mungu awafunike kwa rehema zake na atujalie kuonana tukiwa na afya.

Mama naye anakusalimu. Alipoona nimeshika kalamu, alinishauri nikuandikie tu kwamba mawaridi yameliwa na wadudu. Amesema ukimuuliza, naye atakwambia hivyohivyo.

Wako akupendaye, japo leo hana uso wa kukutazama,

Kitindamimba