Sila Anarudi na Uso wa Jeki

Rongai, Jumapili mchana

Mama Linet,

Wacha nikusalimu kabla sijaanza kulalamika, maana nikishaanza nitasahau. Lile jino limekuachia ulale? Mvua imefika huko, ama bado mnaangalia mawingu tu? Mwambie Linet shati la shule nitamletea mwenyewe, asimsumbue mjomba wake. Mimi ni mzima. Mgongo unauma kama kawaida, kwa sababu mahindi mapya yameanza kuingia stoo, na gunia halijui kwamba anayelibeba anazeeka.

Najua utashangaa kupata barua na simu iko. Simu haina siri. Chumba changu na Kirui ni kimoja, kama kazi yetu ya magunia ilivyo moja, na nikikupigia yeye husikia yote, halafu anapiga kelele kutoka kitandani kwake, "Msalimie mathe!" Nawe ukimsikia unacheka. Hicho kicheko ndicho kimenifanya nitafute kalamu.

Juzi nilipokupigia, neno lako la kwanza lilikuwa, "Baba Linet, Jeki atatoka kule shimoni?" Hukuuliza kama nimekula. Hukuuliza mgongo. Na Sila yuko katika shimo hilo hilo, Mama Linet! Walianguka pamoja mwisho wa kitabu cha nne, lakini hukumtaja.

Jeki hayuko duniani. Nilimtunga mimi, nikiwa nimekaa juu ya magunia nikingoja lori. Wewe wajua nilivyoanza. Nilitaka hadithi ya mpakiaji kama mimi, anayegundua kwamba Nakuru ina mji mwingine chini yake, na vivuli vya huko vinapanda hadi sokoni kuiba nyuso za watu. Huyo ndiye Sila. Jina lake liko juu ya kila kitabu. Nilimpa macho ya kuona vivuli, nikampa na mke mzuri anayemngoja mbali. Kitabu cha pili Sila akahitaji mtu wa kumshikia tochi. Nikaangalia ng'ambo ya chumba, nikamwona Kirui anakoroma, nikamwandika yeye. Nikamwita Jeki kwa sababu anainua kila kitu. Nikatia lile domo lake, na ile kofia ya sufu asiyoivua hata juani. Mshika tochi tu.

Sasa sikia. Vitabu vyangu haviingii dukani. Dada wa saiba, kile kiduka cha kompyuta hapa Rongai, anavichapa, anavibana pini, nami navipeleka Salgaa kwenye hoteli wanakokula madereva. Nikienda peke yangu, wananunua kimya na kuendelea kula. Lakini kuna siku mgongo ulinizidi, Kirui akaja kunibebea. Tulipoingia tu, dereva mmoja mwenye kitambi alisimama, tonge mkononi.

"Niaje! Si huyu ni Jeki?"

"Ndio mimi," Kirui akajibu bila haya. "Nani anakusumbua?"

Hoteli nzima ikacheka. Mwenye hoteli akamletea supu ambayo hakuagiza. Nikamwambia yule dereva kwamba mwandishi ni mimi. Akaniangalia toka kichwani hadi viatuni.

"Ni wewe? Haya, mzee, umejaribu. Lakini mwongeze Jeki kidogo. Huyo Sila wako analia sana."

Analia sana! Tangu siku hiyo Kirui akiingia Salgaa anavutiwa kiti, na mimi naambiwa nisogee. Kazi ya kutwa tunafanya pamoja, magunia ni yale yale, lakini usiku ninaokosa usingizi nikiandika ni wangu peke yangu, na supu ni yake. Sitakuficha, naona wivu. Nilivumilia wa madereva. Huu wa kicheko chako umenishinda.

Kwa hiyo ulipouliza kama Jeki atatoka, niliamua hatatoka. Nikaandika kitabu cha tano, nikamwangushia jiwe, mstari mmoja, akafa.

Shida ni kwamba Kirui hasomi vizuri. Aliacha shule mapema kuliko mimi, basi kila kitabu namsomea kwanza kabla hakijaenda saiba, naye husikiliza amefumba macho kama mtu wa kanisani. Safari hii nilitaka kuruka hapo. Akaniambia, "Boss, umeruka. Rudi." Nikarudi. Nilipofika kwa jiwe akafumbua macho.

"Umeniua?"

"Ni hadithi, Kirui."

"Najua ni hadithi. Nauliza, umeniua na jiwe? Kama panya?"

Nikaweka karatasi chini. Nilifikiri atakasirika, pengine nilitaka akasirike. Alikunywa chai yake yote kwanza.

"Si hivyo vivuli vinaiba nyuso?" akasema. "Basi vimeiba ya Sila. Sasa atarudije kwa mke wake? Hana uso, bibi hatamfungulia. Mimi nampatia wangu. Nabaki huko chini bila uso, yeye anapanda. Hapo nimekufa kama mtu. Andika."

Mama Linet, ilikuwa nzuri kuliko yangu. Niliijua papo hapo, nikaona uchungu, nikaandika. Kirui akalala, akakoroma. Hana habari alichonifanyia.

Kwa sababu sasa Sila ametoka shimoni, amesafiri hadi nyumbani, amesimama nje akibisha, na uso alio nao ni wa Jeki. Kitabu kimekwama hapo. Dada wa saiba ananingoja, madereva wananiuliza, na mimi kila nikishika kalamu nasikia vile unavyocheka kwenye simu. Nimejaribu mke afurahi, nikararua. Nimejaribu afunge mlango, nikararua pia.

Basi niambie wewe. Ukifungua ukute ni Jeki na kofia yake, lakini sauti ni yangu na mgongo umepinda upande ule wangu, utasema nini? Usifikirie madereva wala wale akina mama unaowasomea vitabu vyangu baada ya kanisa. Vyovyote utakavyojibu nitaandika hivyo hivyo, hata kama ni maneno ya kuniumiza.

Nisalimie mama yangu, umwambie zile dawa za kuchua zinanisaidia. Nisalimie kaka yangu mkubwa anayetulimia, na mwenyekiti wa jumuiya, na jirani yetu fundi baiskeli. Linet mpe mkono.

Kirui hakusalimu. Hajui kama nakuandikia.

Mumeo,
Baba Linet