Kabichi za Mama Koleta

Jumatatu, 3 Machi

Karatasi zimekwama kwenye printa mara ya tatu leo. Wanafunzi wamejazana mlangoni pa steshenari, kila mmoja na tasnifu yake na haraka yake. Miguu bado haina nguvu. Wiki nzima nililala na homa na tumbo. Leo ndiyo siku ya kwanza kurudi kazini.

Saa ya chakula nikafungua blogu yangu. Miaka sita naandika "Jikoni na Sokoni": mapishi, mboga za msimu, nani anauza nini hapa Mzumbe. Wasomaji ni wale wale, hawafiki hamsini. Makala ya Ijumaa imesomwa na watu zaidi ya elfu mbili. Nimehesabu sifuri mara mbili.

Niliiandika kitandani, na hasira zangu. Kichwa chake: "Kabichi hii ilinilaza kitandani." Nilieleza kachumbari niliyokula, kisha nikamtaja aliyeniuzia. Mama Koleta, anayeshusha mboga kutoka Nyandira, mlimani. Nikaweka na picha yake akiwa mezani kwake sokoni. Ile programu ya kublogu hunikumbusha kila mara kwamba makala yenye picha husomwa zaidi. Kweli.

Nimefurahi. Angalau hapa niandike ukweli. Nimefurahi sana.

Jumatano, 5 Machi

Jumatano ya Majivu. Misa ya asubuhi, kisha kazini na majivu kwenye paji la uso.

Mwanafunzi mmoja alikuwa anasubiri kopi zake. Akanionyesha simu. "Dada Devota, umeiona hii? Kuna mama hapo sokoni anauza kabichi zenye sumu."

Picha ni yangu. Maneno si yangu. Makala yote imekatwa. Limebaki jina, uso, na neno sumu, neno ambalo sikuandika popote. Limezunguka kwenye makundi ya wanafunzi, ya wazazi, mpaka ya kwaya. Nikamwambia sijaiona.

Blogu naipenda kwa sababu msomaji anakuja mwenyewe na kusoma mpaka chini. Makundi ya simu hayana subira hiyo. Mtu anapokea, hasomi, anapeleka mbele. Nimesema hivyo miaka yote, kama vile mimi nipo nje ya jambo.

Ijumaa, 7 Machi

Sokoni. Nilipita upande wa samaki ili nisionekane.

Meza ya Mama Koleta imejaa. Kabichi, karoti, njegere, vyote vimepangwa vizuri, hakuna mkono ulioshika kitu. Alikuwa anazinyunyizia maji kabichi ambazo hazikuhitaji maji. Wanawake wawili walisimama, wakamtazama, wakanong'ona, wakaenda meza ya mbele.

Jirani yake, Bi. Zuhura, anayeuza mchele wa Dakawa, alikuwa anawaita wateja kwa niaba yake. Amefunga Ramadhani, sauti imemkauka, lakini anaita.

Niliondoka bila kununua kitu.

Jumanne, 11 Machi

Mwalimu anayepanga chumba cha mbele nyumbani kwetu anaumwa. Mke wake pia. Tumbo na homa, kama mimi. Hawa hawagusi mboga mbichi na hawajawahi kununua kwa Mama Koleta.

Mchana baba mwenye nyumba akaleta fundi. Fundi akapanda kwenye simtanki la maji, akafungua mfuniko, akageuza uso. Panya wawili. Walikuwa wameshaoza.

Maji hayo niliyanywa bila kuchemsha kwa sababu ya uvivu wa kuwasha mkaa. Maji hayo ndiyo niliyooshea kabichi.

Kabichi haikuwa na kosa. Yule mama hakuwa na kosa. Mimi ndiye.

Jumatano, 12 Machi

Nimefuta makala. Kufuta ni rahisi. Kitufe kimoja, swali moja: una uhakika? Ndiyo.

Kisha nikaandika kwenye injini ya kutafuta: Mama Koleta Nyandira. Picha yake ikaja ya kwanza. Ya pili ni yeye. Ya tatu ni yeye. Kuna waliomchorea fuvu la kichwa juu ya kabichi.

Wanafunzi ninaowachapia wanaamini jibu la kwanza linalotokea. Hawashuki chini. Naona kwenye tasnifu zao kila siku, na huwa nawacheka.

Jumamosi, 15 Machi

Nimeomba zile picha ziondolewe. Kuna fomu. Unachagua sababu kwenye orodha: picha ya faragha, matusi, haki ya mmiliki. Nimesoma orodha yote. Hakuna sababu inayosema niliandika uongo bila kujua. Nikachagua ya kwanza.

Nimewaandikia wenye kurasa tatu kubwa zilizoisambaza. Mmoja amejibu. Ametuma kidole gumba. Picha ameiacha.

Nimeandika makala ya kusahihisha. Nimeeleza tanki, panya, maji. Nimeomba radhi kwa jina langu kamili. Mpaka sasa imesomwa na watu kumi na mmoja, na mimi nimeifungua mara nne.

Jumatatu, 17 Machi

Meza ya Mama Koleta tupu. Meza ya Bi. Zuhura tupu.

Nikamuuliza Mzee Shabani, fundi viatu anayekaa mkabala nao. Akanisimulia huku anashona.

Alhamisi iliyopita mteja alimwonyesha Mama Koleta ile picha. Yeye ana simu ya kitochi tu, hakuwa ameiona. Akaitazama sana. Imepigwa kutoka kushoto, na pembeni linaonekana gunia la mchele. Maana yake imepigwa kutoka meza ya Bi. Zuhura. Na Bi. Zuhura ana simu ya kisasa, alinunuliwa na binti yake.

"Akamgeukia mwenzake," Mzee Shabani akasema. "Maneno aliyomwambia, mwanangu, siwezi kuyarudia na mimi nimefunga."

Meza zao zimegusana miaka zaidi ya ishirini. Bi. Zuhura alilia, akafunga mchele wake, akarudi Dakawa kwa binti yake. Mama Koleta naye akapanda mlimani.

Picha nilipiga mimi. Nilikuwa nimesimama kwa Bi. Zuhura, nasubiri anipimie mchele.

Sikumwambia Mzee Shabani. Nilimpa kiatu ambacho hakijaharibika, nikasema akikague soli.

Alhamisi, 20 Machi

Sijaenda popote. Mvua. Barabara ya Nyandira inateleza, magari yanakwama, kila mtu anasema. Hicho ni kisingizio cha mlimani. Dakawa ni lami mpaka unafika. Huko sina kisingizio.

Naogopa. Basi.

Jumapili, 23 Machi

Nimepanda Nyandira baada ya misa ya kwanza. Gari liliishia njiani, tukatembea kwenye tope. Ukungu ulikuwa umefunika matuta yote ya bustani, nikaulizia nyumba kwa nyumba.

Nyuma ya nyumba yake kuna lundo la kabichi zinazooza. Mtoto wake mkubwa, Fabiani, alikuwa anazipeleka kwa nguruwe. Harufu inakupokea kabla ya mtu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe si yule wa kuchapa, wa Mzumbe?" Akanipa kigoda. Akamwita mkwewe alete chai. Nilitamani asinikaribishe.

Nikamwambia yote. Ilibidi nimweleze kwanza blogu ni nini. Nikasema ni kama gazeti, ila anayeandika na anayekagua ni mtu mmoja.

"Na mtu huyo ni wewe."

"Ni mimi, mama."

"Na picha?"

"Nilipiga mimi. Bi. Zuhura hakujua lolote."

Chai ikaja, hakuna aliyeigusa.

"Nilimwita mchawi," akasema. "Mbele ya soko zima. Akaapa kwa mfungo wake. Nikamwambia asimtaje Mungu kwa mdomo ule."

Nikaanza kuomba msamaha. Akanyoosha mkono, nikanyamaza.

"Kabichi nitapanda nyingine. Nenda ukamtafute Zuhura. Mwambie Koleta amekosa. Mwambie hivyo hivyo, usiongeze neno la kwako."

Jumatano, 26 Machi

Jumatatu na jana nilikosa ruhusa kazini. Leo nimekwenda Dakawa.

Nilishuka, nikauliza kwa Mwanaidi binti Zuhura. Mwanamke mmoja akanitazama, akasema pole. Sikuelewa pole ya nini. Nikaelewa nilipoona mikeka imetandikwa nje na viatu vingi mlangoni.

Bi. Zuhura amefariki Jumamosi. Alianguka alasiri akichambua mchele wa futari. Wamemzika Jumapili mchana. Nilipokuwa nimekaa kwenye kigoda Nyandira, walikuwa wanamzika Dakawa.

Mwanaidi alinipokea kama anavyopokea wote. Alidhani nimekuja kuhani. Ningeweza kukaa, kutoa pole, kuondoka. Nilimwambia.

"Kumbe," akasema. Kisha akawa anakunja upande wa khanga yake na kuukunjua.

"Mama alikuwa na presha ya siku nyingi," akasema baadaye. "Siwezi kusema ni wewe. Siwezi kusema si wewe pia."

"Alisema chochote juu ya Mama Koleta?"

"Simu ilikuwa haimtoki mkononi. Ikilia anaruka. Nikamuuliza, mama, unasubiri nani? Akasema Koleta akituliza hasira atapiga tu. Namba anayo."

Niliondoka kabla ya futari. Aliniambia nibaki. Sikuweza.

Alhamisi ile ningekuja, ningemkuta.

Ijumaa, 28 Machi

Nyandira tena. Njia nzima natafuta namna ya kuanza. Hakuna namna.

Nilimkuta shambani anapalilia karoti. Aliniona kwa mbali, akaegemea jembe, akasubiri. Nadhani alijua kwa jinsi nilivyotembea.

Nilipomwambia, aliketi chini kwenye udongo uliolowa.

"Lini?"

"Jumamosi."

"Na wewe ulijua lini kwamba tumegombana kwa ajili ya picha yako?"

Ningeweza kusema sikumbuki. "Jumatatu ya kabla ya hapo, mama."

Akahesabu kwa vidole, polepole, kwa sauti. Jumanne. Jumatano. Alhamisi. Ijumaa. Akafika kwenye kidole cha tano, akakishika, hakukiachia.

Kisha akalia. Alilia kwa Kiluguru, akimwita Zuhura kwa jina, maneno mengine sikuyajua. Fabiani akaja mbio kutoka ng'ambo ya bonde. Nilisimama pale kama mti. Sikuwa na haki ya kumshika na sikuwa na haki ya kuondoka.

Jumanne, 1 Aprili

Jana Idi. Mzumbe kimya, wanafunzi wengi wamekwenda makwao.

Nimetafuta tena. Picha ya Mama Koleta bado iko juu. Makala ya kusahihisha haionekani hata ukishuka kurasa tano.

Kisha nikaandika jina la Bi. Zuhura. Bi. Zuhura, mchele, Mzumbe. Hakuna kitu. Injini ikaniuliza kama nilikosea kuandika. Miaka ishirini amelisha nusu ya wapangaji wa hapa, wengine akiwapimia mchele wa mwisho wa mwezi bila kuuliza watalipa lini, na hakuna mstari mmoja. Mimi ndiye niliyekuwa na blogu. Niliandika juu ya mchele wake mara mbili, na jina lake sikuliweka.

Nimefunga blogu. Nimeiacha ile makala moja tu, ya kusahihisha. Huenda siku moja mtu akaifikia.

Watu huniuliza mtandao gani ni mzuri, upi ni mbaya. Nilikuwa na majibu mengi. Nilikuwa nasema blogu ni ya watu makini na makundi ni ya wambea. Makundi hayakulala kitandani na hasira Ijumaa ile. Nililala mimi, kwenye blogu yangu safi yenye rangi niliyoichagua mwenyewe.

Alhamisi, 3 Aprili

Fabiani amepiga simu. Mama yake anataka kwenda Dakawa Jumamosi na hajui nyumba. Nimpeleke.

Jumapili, 6 Aprili

Jana tulikwenda. Alivaa gauni la kanisani na khanga mpya. Alibeba karoti, njegere na kabichi mbili kwenye kikapu. Njia nzima alikipakata. Mashamba ya mpunga yamejaa maji pande zote.

Mwanaidi alitoka mpaka barabarani. Wakashikana mikono, hawakukumbatiana. Mama Koleta akasema, "Mwanangu, nimechelewa." Mwanaidi akasema, "Karibu ndani, mama." Baadaye akampeleka makaburini. Mimi nilibaki nyuma, karibu na mfereji, mahali ambapo sauti haifiki. Niliona mgongo wake tu. Alikaa chini, akazungumza muda mrefu, akawa ananyoosha mikono kama anavyofanya akibishana bei. Mwanaidi alisimama pembeni amemshikia kikapu.

Walipika kabichi moja mchana ule. Tulikula wote kwenye sinia moja. Hakuna aliyesema kitu kuhusu kabichi.

Kurudi, alishuka Sangasanga kusubiri gari la mlimani. Nilishuka naye, nikamshikia kikapu mpaka gari likaja. Nikamwambia nitakuja kumwona Jumapili.

"Usije," akasema. Hakusema kwa ukali. "Nikitaka kukuona nitashuka mwenyewe."

Nikasema sawa, mama.

Leo nimekwenda misa ya pili, nimechemsha maji, nimefua. Mvua imekata tangu asubuhi. Mlima umeonekana wote, mpaka juu. Nguo zimekauka mapema, nimezianua, nimezikunja.