Kilio Kilichomwangusha Jaji

Alder Prairie, Wisconsin
9 Septemba 2019

Mpendwa mdogo wangu Nels,

Pokea salamu zangu. Hamjambo huko Kodiak, wewe, Inga na kichanga chenu? Mimi mzima, ila goti linanung'unika kama mwenyewe.

Uliuliza kama mnaweza kuhamia nyumba ya baba kabla ya theluji. Nimechelewa kujibu kwa aibu tu.

Unajua nilivyomchukia Jaji Halvorsen, alipomfunga miaka miwili tu yule mlevi aliyemgonga mwanangu Dale kwa gari akafa. Uchaguzi wa jaji ulipokaribia, walinijia watu wa kikundi kilichojiita Wazazi Macho. Sikuuliza ni wazazi wa nani. Waliwasha taa zao jikoni kwangu, nikalia mbele ya kamera. Wakaniomba nirudie, safari hii nimtaje jaji kwa jina. Nikarudia.

Tangazo lilitoka kwenye televisheni asubuhi, mchana na jioni mpaka siku ya kura, Aprili. Halvorsen hakuwa na fedha za kujibu hata mara moja. Alipoanguka, nilifungua bia.

Juni gazeti likafichua aliyelipa: dola laki tatu na nusu, zote za wenye lile banda la ng'ombe elfu sita kule kilimani. Dale hakuwahusu hata kidogo. Halvorsen ndiye aliyekuwa akisikiliza kesi yetu ya visima, ile ya samadi yao kuingia kwenye maji yetu. Jaji mpya aliapishwa Agosti mosi. Wiki ya tatu akaitupilia mbali kesi.

Ijumaa nilikwenda kula samaki baa, kama tufanyavyo sote kila Ijumaa. Jirani yetu Verna akapaza sauti, "Jamani, mpisheni mwigizaji wetu! Siku nyingine ukitaka kulia, njoo kwangu, ndoo zangu tupu."

Watu wakacheka. Nikamwambia, "Verna, mwanangu alikufa kweli."

"Najua, mwenzangu," akasema, sasa kwa upole. "Na wao walijua."

Nilimaliza samaki wangu. Ningekwenda wapi?

Nels, kisima cha baba kimepimwa. Sisi wakubwa tunaambiwa tusiyanywe maji yake. Kwa mtoto mchanga ni sumu, hata ukiyachemsha. Tulitaka mahakama iwalazimishe watuchimbie visima vipya, na sasa hakuna wa kuwalazimisha. Basi msije. Nilitamani sana kumbeba huyo mtoto.

Nisalimie Inga, na shangazi Solveig akipiga simu. Mungu awatunze huko huko mliko, maana mlango wa nyumbani nimeufunga kwa mikono yangu.

Dada yako, akupendaye na aliyekukosea,
Lorna