Kura ya Safari ya Delft

Alhamisi, 16 Aprili 2026

Kengele. Tangu mchana inanilia kichwani. Mwanaharusi, mke mwenzangu, amenitumia voisi kutoka Delft, na nyuma ya maneno yake kengele za kanisa zinapiga wimbo mzima, polepole, kama mtu anayegonga vikombe kwa kijiko. Nimeisikiliza mara nyingi kuliko ninavyotaka kukubali.

Yeye na mume wetu, Khatibu, wamekwenda na kurudi leo leo, kwa treni kutoka Rotterdam, walikofikia kwa mdogo wa Khatibu anayeoza binti. Delft! Mimi ndiye niliyemwambia mume wangu habari za mji huo. Tasnifu yangu ina sura nzima juu ya sahani zake za buluu na nyeupe. Nilimsimulia hapahapa Mayfair, mtaa wangu huku kusini mwa Afrika, kitandani, naye akanisikiliza huku amenishika kisigino. Sasa mwenzangu amesimama kando ya mfereji, ananiuliza: mdogo wangu, mnara huu mbona umeinama, hauanguki?

Jibu ninalo. Sikumpa.

Ijumaa, 17 Aprili

Najituliza: ilikuwa kura. Mume mwenye wake wawili akitaka kusafiri na mmoja, hupiga kura. Ndivyo Khatibu alivyofundishwa, na ndivyo alivyofanya baada ya Idi. Viza tulikuwa nazo sote. Vikaratasi viwili kwenye kikombe cha kahawa, nyumbani kwa Mwanaharusi, mtaa wa La Rochelle, jijini humu humu. Nikatia mkono mimi mwenyewe. Likatoka jina lake. Akalia, akasema Mungu amemkumbuka. Nikambusu shavuni — midomo tu.

Kura haionewi wivu. Mimi naionea.

Leo ameweka picha ya safari. Koti la sufu, kijani kibichi, limemkaa mwili mzima bila kukunjana popote. Na yeye ni mnene! Dukani hapati koti kama lile.

Jumamosi, 18 Aprili

Nilipeleka baibui kwa Mayasa, fundi cherehani wa Unguja, karibu na msikiti. Nikamwonyesha picha, nionekane mke mwenza mwenye moyo mkubwa. Akacheka. Koti kashona yeye.

"Kazi ya mwezi wa Shaaban ile, shoga. Mumeo kaja na vipimo mwenyewe, kasema huko waendako kuna baridi. Mie nikajua lako umepeleka kwa fundi mwengine, nikakununia wiki nzima."

Kisha akaniona uso. Akainama kutafuta pini sakafuni. Hakukuwa na pini.

Shaaban. Kura tumepiga Shawwal. Katikati Ramadhani nzima — nimempikia futari, amekula, anajua. Na kile kikaratasi cha pili? Khatibu alikifinya kiganjani, hakuna aliyekifungua. Nina digrii mbili na sikuomba kukiona.

Angesema tu, nataka kwenda na Mwanaharusi. Ningelia, yangekwisha. Lakini kanitia mkono kikombeni!

Jumapili, 19 Aprili

Nimemwambia. Si Khatibu — Mwanaharusi. Nimemwandikia yote: koti, Shaaban, vikaratasi viwili vyenye jina moja. Nilijidanganya kuwa ni haki yake kujua. Uongo. Nilitaka furaha yake ife. Nilitaka ajue kwamba Mungu hakuhusika.

Akapiga. Nilidhani atalia. Halafu akauliza, kwa sauti ndogo kama ya msichana anayechumbiwa:

"Kwa hiyo alinitaka mimi? Kabla ya kura?"

Akaendelea mwenyewe. Kwamba tangu nilipoolewa, kila anachopewa ni mgawo, nusu yake, apewe asilaumu. Hata safari hii aliipokea kama mgawo. Kumbe! Akanishukuru. Akaniombea dua, mimi na kizazi changu.

Nimekaa bafuni, bomba limefunguliwa. Kitu ambacho Khatibu mwenyewe hakuthubutu kumwambia, mimi nimemfungia vizuri na kumpelekea hadi Uholanzi.

Jumanne, 21 Aprili

Wametua asubuhi. Leo ni zamu yangu; kwa desturi yetu anakuja hapa moja kwa moja. Nimeamka nikaosha nywele. Nimechukia kuwa nimeziosha.

Amepiga kutoka uwanja wa ndege, mchangamfu, kama hana habari ya lolote. Mizigo imo garini, dereva anauliza: kwanza Mayfair au La Rochelle?

Nikamwambia La Rochelle. Zamu yangu nimempa mwenzangu, ya leo na zinazofuata, mpaka nitakapoidai.

"Sumaiya, una nini?"

Nikasema, "Uliza koti."

Nyuma yake nikamsikia Mwanaharusi akimwagiza dereva apite Mayfair. Kwamba mimi, mdogo wake, nina hasira tu, hasira haizungumzwi kwa simu. Dereva akacheka. Simu ikakatika.

Kutoka uwanjani hadi hapa si mbali, robot, taa za barabarani, zikiwa nzuri. Khatibu ana ufunguo wake. Wangu nimeutia kwenye kitasa kwa ndani, nimeuzungusha nusu, nimeuacha humo. Wake hautaingia.