Mzinga Unaonuka Gereji

Jumatatu, 6 Mei
Nachuja tangu asubuhi. Asali ya miombo, nyeusi, nzito, haina haraka. Kitambaa kimeziba tena. Zabroni, mfugaji nyuki wa Busunzu anayeniletea asali miaka yote, kaingia na ndoo zake na picha kwenye simu: tangazo la ofisi ya kata. Rasimu ya sheria ndogo ya halmashauri. Mizinga ya magome marufuku.

Vizuri. Marufuku hiyo nimeipigania redioni, magazetini na mikutanoni mpaka nikaitwa chizi wa miti. Mti ukichunwa gome mzunguko mzima, umekufa.

Kisha kifungu kinachofuata. Asali itauzwa tu ikitoka kwenye mzinga wa boksi wa "mtengenezaji aliyeidhinishwa". Aliyeidhinishwa ni mmoja: kampuni ya Kasulu. Inagawa mizinga bure, na asali yote ya mizinga hiyo ni yake. Yaani Zabroni hataniuzia tena hata kijiko. Mimi na chupa zangu tufunge.

Hawajanijua.

Alhamisi, 9 Mei
Kasulu. Nilimfuata Bwana Shabani, meneja wa kampuni, nikitegemea kukuta mwongo. Nikakuta muungwana na chai ya tangawizi.

"Dada yangu, wewe ulipiga kelele sheria ije. Sisi tukakuamini, tukanunua mashine za mbao. Halmashauri ilipouliza nani anajua mizinga ya boksi, nani mwingine alijibu?"

Nilimaliza chai yake yote kwa hasira.

Ndivyo inavyokwenda. Serikali inatangaza nia. Mwenye mtaji anajipanga kabla ya wote. Halafu kujipanga kwake kunaandikwa kuwa sheria, kwa jina la kulinda miti. Hakuna rushwa. Afadhali ingekuwepo, ningejua pa kupiga.

Jumamosi, 11 Mei
Busunzu. Wafugaji wanataka nikaipinge sheria yote Alhamisi, wananchi watakapotoa maoni. Nimekataa. Nimewaonyesha miti iliyochunwa, imekauka imesimama.

"Mama Neema, chagua," Zabroni kaniambia. "Uko na miti au uko na sisi?"

"Niko na asali. Miti ikiisha utaitundika wapi mizinga, kwenye nguzo za umeme?"

Wakacheka. Lakini mmoja wa nyuma akasema Kasulu wameshaninunua. Imeniuma. Nimeondoka bila kuaga.

Njiani nikawaza Murungu. Maseremala kule wanachoma mabanzi, vile vipande vya pembeni vya magogo. Wanachoma mizinga.

Jumanne, 14 Mei
Murungu. Maseremala wamekubali kuunda mizinga ya mabanzi. Nimewaachia vipimo. Watatengeneza mmoja wa mfano, waulete wenyewe ukumbini Kibondo siku ya maoni.

"Utaupenda, mama. Hata mchwa hataugusa."

Nilikuwa na haraka. Sikuuliza kwa nini.

Alhamisi, 16 Mei
Ukumbi wa Kibondo umejaa. Mzinga umefika unang'aa. Wameupaka oili chafu ya magari ndani na nje, kama wanavyopaka fremu za milango. Nyuki hawezi kukaa humo.

Afisa mazingira, Bi Eliamani, binti wa Moshi aliyehamishiwa huku, akainama, akanusa.

"Mama, huu unanuka gereji."

Ukumbi mzima kicheko. Bwana Shabani alicheka kwa adabu, ikanikera zaidi. Watu wa Busunzu wakatazama sakafu. Aibu ilinipanda mpaka masikioni.

Ningekaa. Sikukaa.

Nikamwambia aandike hivyo hivyo. Mzinga usiwe na oili wala rangi ndani. Usitoke kwenye gome la mti ulio hai. Vipimo viwe hivi na hivi. Pua yake imeukataa mzinga wangu bila kuuliza nani kautengeneza, basi na sheria ifanye hivyo. Iseme mzinga uweje. Isiseme nani auuze.

Kisha Zabroni akasimama. "Magome tutaacha. Lakini boksi tutajitengenezea wenyewe."

Sikulia. Ilibaki kidogo.

Bi Eliamani aliandika.

Jumatano, 12 Juni
Madiwani wamepitisha. Kifungu cha mtengenezaji kimefutwa. Magome marufuku, na kila mzinga utakaguliwa.

Jioni Bwana Shabani kapiga simu. Kumbe mabanzi ni rahisi kuliko mbao zake. Ameagiza ya Murungu yote. "Umetupunguzia gharama, dada yangu."

Nimecheka, kisha nimemtukana, simu ikiwa imeshakatwa. Sheria imebadilika asubuhi, mtu kabadilika jioni. Tungezubaa, angetukuta bado tunapongezana.

Lakini Zabroni alikuwa Murungu tangu jana. Mabanzi yetu yako kwake, chini ya turubai. Shabani achukue yaliyobaki. Akija na kifungu kingine, atanikuta.

Jumapili, 30 Juni
Mzinga wa oili nimeusugua kwa majivu na mchanga. Harufu haitoki. Nimeuweka uani, kuku anatagia humo.

Mchana Busunzu. Zabroni ametundika mzinga wa mabanzi, mkavu, umepakwa nta tu kwa ndani. Tulikaa mbali kidogo. Jirani na mzinga uko mti uliochunwa zamani, hauna hata jani.

Nyuki mmoja akatua mlangoni. Akaingia. Akatoka, akaenda zake.

Tukasubiri. Akarudi na wenzake.